Kutunza mimea inayokula wadudu nyumbani: maji kwanza, nzi baadaye

Dionea yangu ya kwanza, ule mmea wenye majani yanayomfungia mdudu kama mtego, niliiua ndani ya wiki sita. Niliihamishia kwenye chungu kizuri cha udongo wa kufinyanga, nikaijazia mboji iliyoiva, nikaimwagilia maji ya bomba kila asubuhi, na jioni nikaipelekea nzi kwa kibano kama mtu anayelisha kinda. Majani yakaanza kuwa meusi kutoka ncha. Nikadhani ni njaa, nikaongeza nzi. Ilipokauka kabisa ndipo nikaanza kusoma, na nikagundua kwamba katika yale mambo manne niliyoyafanya kwa upendo mkubwa, hakuna hata moja lililokuwa sahihi.

Mimea hii imezoea umaskini. Kwao ni vinamasi na ardhi chachu inayosuuzwa na maji mwaka mzima, ambako naitrojeni na fosforasi karibu hazipo. Kwa kuwa ardhi haitoi, mmea umejifunza kuchukua virutubisho hivyo kutoka kwa wadudu. Mizizi yake imebaki na kazi ya kunywa maji na kushikilia tu, na ikikutana na chumvi za mbolea au za maji ya bomba inaungua. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: mdudu si chakula cha mmea huu. Chakula unajipikia wenyewe kwa jua, kama mmea mwingine wowote. Mdudu ni mbolea. Kwa hiyo yale unayoyajua kuhusu kustawisha mche wa nyanya yaache nje ya mlango kabla hujaanza.

Hatua ya kwanza: chagua mmea unaolingana na mahali ulipo

Ukiniuliza mimi, anza na Drosera capensis. Asili yake ni eneo la Rasi huko Afrika Kusini. Ina majani marefu membamba yenye vinywele vyekundu, na kila kinywele kina tone la gundi linalong'aa kama umande. Mdudu mdogo akinasa, vinywele vinamwinamia, na baada ya saa kadhaa jani lenyewe linaweza kujikunja likamkumbatia. Haihitaji msimu wa baridi, inakua haraka, na inasamehe makosa. Hata ikikauka juu, mara nyingi huchipua tena kutoka mizizini.

Dionea (Dionaea muscipula) ndiyo kila mtu anayoitaka, ile yenye mataya yanayofunga. Porini asili yake ni eneo dogo tu, nyanda za pwani za North Carolina na South Carolina nchini Marekani. Nje kwenye jua kali si mmea mgumu. Ndani ya nyumba, juu ya meza ya kazini, ni mmea wa kufa taratibu.

Sarasenia inatoka upande huohuo wa dunia. Majani yake ni mirija iliyosimama wima yenye mbochi mdomoni. Mdudu anakuja kulamba, anateleza, anaingia, basi. Hii ndiyo mlafi kuliko zote. Ukikata mrija wa zamani kwa urefu unaweza kukuta umejaa mabaki ya nzi na nyigu mpaka nusu. Inataka jua jingi na inalala wakati wa baridi kama dionea.

Nepenthesi ni mtambaazi wenye vikombe vinavyoning'inia kwenye ncha za majani. Nyingi zinatoka Asia ya Kusini-Mashariki, na zipo pia Madagaska na Ushelisheli. Hapa kuna swali moja la kumuuliza muuzaji kabla hujatoa hela: ni ya nyanda za chini au ya milimani? Ya chini inapenda joto mchana na usiku. Ya milimani lazima usiku upoe, na ukiiweka kwenye chumba chenye joto la saa ishirini na nne itaacha kutoa vikombe, ibaki na majani tu. Chotara za dukani kwa kawaida ni vumilivu zaidi kuliko spishi halisi.

Pinguikula za Mexico zina majani manene yaliyotandazwa kama ua, yenye utelezi unaonata juu. Zinakaa vizuri dirishani na zinawanasa wale vijinzi vyeusi vinavyozaliana kwenye udongo wa vyungu. Mimi huweka moja katikati ya mimea yangu mingine kwa kazi hiyo tu.

Nunua kwa mtu anayezalisha mwenyewe, kwa mbegu au kwa vichupa vya maabara, si kwa anayechimba porini. Dionea zimeibiwa sana hadi North Carolina ikafanya wizi huo kuwa kosa kubwa la jinai kuanzia mwaka 2014. Nepenthesi zote nazo zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, kwa hiyo kuzivusha mpaka bila kibali kunaweza kukutia matatani hata kama nia yako ilikuwa safi.

Hatua ya pili: tafuta maji kabla hujaleta mmea

Nasema kabla, kwa makusudi. Watu wananunua mmea Jumamosi na kuanza kuuliza maji Jumatatu, wakati umeshanyweshwa ya bomba mara mbili.

Maji yanayofaa ni yasiyo na madini. Ya mvua ndiyo bora. Ukiyakinga kwenye paa, ziachie dakika za mwanzo zioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha ndipo uweke ndoo, na uifunike vizuri mbu wasizaliane humo. Mvua ikiadimika, tumia maji yaliyotoneshwa, yaani yale yaliyogeuzwa mvuke yakarudi kuwa maji. Wengi huyafahamu kama maji ya betri, lakini kuwa mwangalifu sana: sehemu hizohizo huuzwa pia asidi ya betri, na jina hutajwa kiholela. Soma chupa, usikubali kilichomiminwa kwenye chupa isiyo na maandishi. Maji ya mashine zinazosukuma maji kupitia utando mwembamba yanafaa pia. Yanayodondoka kwenye kiyoyozi hutumika na wengi, mradi chombo cha kukingia kiwe safi.

Sasa yale yasiyofaa, maana hapa ndipo ubishi ulipo. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua, chumvi zinabaki, kwa hiyo unamalizia na maji mazito kuliko uliyoanza nayo. Kuyaacha wazi usiku kucha kunaondoa klorini na si madini. Majagi ya kuchujia ya jikoni yanarekebisha ladha, hayaondoi madini ya kutosha. Na maji ya chupa yanayoitwa ya madini, jina lake lenyewe limeshakujibu.

Ukiweza, nunua kipimo kidogo cha TDS, kile kinachoonyesha kiasi cha vitu vilivyoyeyuka kwenye maji. Kikisoma chini ya 50 endelea bila wasiwasi. Kati ya 50 na 100 unaweza kuvuka kipindi cha shida, kisha uuoshe udongo kwa kumimina maji safi mengi kutoka juu mpaka yatoke chini. Zaidi ya hapo, achana nayo. Mmea hautakufa siku hiyo, na huko ndiko kudanganyika kwenyewe: chumvi inajikusanya polepole, na baada ya miezi miwili au mitatu majani yanaanza kuungua ncha wakati wewe umeshasahau chanzo.

Namna ya kumwagilia ni rahisi. Kwa drosera, dionea na sarasenia, weka chungu ndani ya sahani au sinia lenye maji ya kina cha sentimita moja hadi mbili. Yakikaribia kuisha, ongeza. Udongo usikauke kamwe. Nepenthesi usiiketishe kwenye maji, mizizi yake itaoza. Imwagilie kutoka juu, iache ichuruzike, irudie udongo ukiwa bado na unyevu kidogo. Pinguikula za Mexico hupitia kipindi ambapo majani yanakuwa madogo na manene. Zikifika hapo punguza maji sana mpaka zirudi kutoa majani mapana.

Hatua ya tatu: udongo usio na rutuba

Mchanganyiko wa kawaida ni nusu piti, yaani mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza nusunusu, na nusu perlaiti, zile chembe nyeupe nyepesi zinazotumika kwenye vitalu. Badala ya perlaiti unaweza kutumia mchanga wa silika. Soma mfuko wa piti mpaka maandishi madogo, kwa sababu mingi imetiwa mbolea tayari, na piti yenye mbolea ni sumu kwa mimea hii. Loweka piti kwanza ukiikandakanda, maana ikiwa kavu inakataa maji kabisa. Perlaiti ioshe ikiwa imelowa na ujifunike pua; vumbi lake si la kuvuta.

Mchanga una mtihani wake. Wa baharini usitumie hata ukiuosha mara ngapi. Wa mahali pengine, weka kijiko kimoja kwenye kibakuli na udondoshee siki. Ukitoa povu una chokaa, utupe. Usipotoa, uoshe mpaka maji yatoke meupe.

Piti ikikosekana, nyuzi za makumbi ya nazi zinaweza kutumika, lakini mara nyingi huja na chumvi. Ziloweke, uzikamue, urudie mara kadhaa, na kila mara pima maji uliyoyakamua. Nepenthesi inataka kitu chenye hewa zaidi: sfagnamu ndefu, yaani ule mmea laini wa kinamasi unaouzwa umekaushwa, ukichanganywa na perlaiti au magome ya kuoteshea okidi. Pinguikula za Mexico zipe mchanga na perlaiti nyingi, piti kidogo.

Chungu kiwe cha plastiki au kilichopakwa rangi ya kioo, chenye mashimo chini. Cha udongo mtupu kinaachia madini na kinafyonza chumvi. Dionea na sarasenia zipe kina cha sentimita 10 hadi 15 au zaidi.

Hatua ya nne: jua

Dionea na sarasenia zinataka jua la moja kwa moja lisilopungua saa sita kwa siku. Ikiwa ndani ya mataya ya dionea pana wekundu na majani yamefupika na kushupaa, umefanikiwa. Majani marefu, legevu, ya kijani kitupu, maana yake mmea unatafuta mwanga. Drosera inatoa jibu kwa umande: ikimeta, iko sawa, ikikauka, ama mwanga hautoshi, ama hewa ni kavu mno, ama umeihamisha juzi na inahitaji wiki mbili kutulia. Nepenthesi na pinguikula zinaridhika na mwanga mkali uliochujwa na pazia jepesi.

Mmea uliotoka kwenye kivuli cha duka usiutupe juani siku hiyohiyo. Uongeze saa kidogokidogo kwa wiki moja au mbili. Usipokuwa na jua, taa nyeupe za LED zilizowekwa sentimita 15 hadi 30 juu ya mimea, zikiwashwa saa 12 hadi 16 kwa siku, zinatosha kabisa kwa drosera.

Lile tanki la kioo lenye kifuniko, ambalo picha nyingi zinalionyesha, mimi silipendi. Likipata jua linakuwa oveni, likikosa jua linakuwa shamba la kuvu. Dionea na sarasenia hazina shida na hewa ya kawaida mradi miguu yake iko majini.

Hatua ya tano: kulisha, ukitaka

Mmea uliopo nje haukuhitaji. Utajilisha. Wa ndani unaweza kuusaidia, na kabla ya hapo ni vizuri ujue mtego wa dionea unavyofikiri.

Ndani ya kila taya kuna vinywele vya kuhisi, kwa kawaida vitatu. Kikiguswa mara moja, hakuna kinachotokea. Guso la pili likija ndani ya sekunde 20 hivi, mtego unafunga kwa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hiyo ni njia ya kutodanganywa na tone la mvua. Hata hapo bado haujaanza kula. Mdudu akiendelea kufurukuta na kugusa vinywele, ndipo mataya yanabanana kabisa na kumwaga vimeng'enya. Usipohisi kitu, unafunguka tena baada ya siku moja au mbili, ukiwa umepoteza nguvu bure. Kila mtego una idadi ndogo ya kufunga kabla haujachoka na kufa, kwa hiyo wageni wanaopenda kuutekenya kwa kidole waambie: chovya chovya humaliza buyu la asali.

Mdudu awe mdogo, theluthi moja ya mtego, asitokeze miguu nje. Akitokeza, kuvu inaingia na mtego unaoza. Ukimpa mdudu mfu, subiri ufunge kisha usugue mataya kwa nje taratibu kwa nusu dakika ili udhani anafurukuta. Bila hivyo utamwachia. Baada ya wiki moja au zaidi utafunguka na kuacha ganda kavu. Mtego mmoja uliolishwa kila wiki mbili hadi nne unautosha mmea mzima. Mdudu aliyeuawa kwa dawa ya kupuliza usimpe.

Drosera naipa chakula cha samaki kilichosagwa kuwa unga, chembe chache kwa ncha ya kijiti, jani moja au mawili. Ukizidisha utaona manyoya ya ukungu kesho kutwa. Nepenthesi tumbukizia mdudu mmoja kwenye kikombe kilichofunguka karibuni, usikijaze. Kikimwagika maji yake njiani wakati wa kusafirisha, mimina maji safi kidogo ili kisikauke.

Je, kulisha kunasaidia kweli? Francis Darwin, mwana wa mwanasayansi Charles Darwin, alilijibu hilo mwaka 1878 kwa kuzigawa drosera makundi mawili: zilizolishwa zilitoa mbegu nyingi zaidi kwa mbali, lakini zisizolishwa nazo ziliishi. Yeye alitumia vipande vidogo mno vya nyama ya kuchoma. Sisi tubaki na wadudu. Kipande cha nyama unachokikata kwa macho ya binadamu ni kikubwa mno na kitaoza.

Hatua ya sita: usingizi

Dionea na sarasenia lazima zilale miezi mitatu hadi minne kwa mwaka, kwenye baridi ya nyuzi 0 hadi 10 za Selsiasi. Majani yanakuwa meusi, mengine mafupi yanabaki yamelala chini. Mmea haujafa. Penye majira ya baridi, uache nje au kwenye chumba kisichopashwa joto, udongo ukiwa na unyevu kidogo tu, na usiulishe.

Pasipo na baridi, kazi hiyo inafanywa na friji. Utoe mmea kwenye chungu, osha udongo wote kwenye tunguu, kata majani yaliyokufa, ufunge kwa sfagnamu iliyoloweshwa ikakamuliwa mpaka haidondoshi, utie kwenye mfuko wa plastiki, na uweke sehemu ya chini ya friji mbali na barafu. Kila baada ya wiki mbili fungua uangalie ukungu. Andika kwenye mfuko kwa herufi kubwa kwamba si mboga. Nina sababu zangu. Baada ya miezi mitatu panda upya kwenye udongo mpya na urudishe juani hatua kwa hatua. Ukiuruka usingizi mwaka mmoja mmea unaweza kustahimili, wa pili utadhoofika, na hautafika mbali. Kama hili linakuchosha kulisoma tu, rudi kwa drosera.

Yanayotokea njiani

Mtego mmoja kuwa mweusi baada ya kula ni kawaida, kata. Majani mapya yakitoka yamepinda na kukunjamana, chunguza vidukari katikati ya mmea. Dawa yao kwa dionea na drosera ni kuzamisha chungu kizima kwenye maji safi siku mbili. Mmea unavumilia, vidukari havivumilii. Dionea ikitoa shina la ua, likifika sentimita tano likate, isipokuwa unataka mbegu na mmea una afya, maana maua yanaukausha.

Kuzalisha

Jani la drosera likate, lieleeze kwenye maji safi ndani ya chombo angavu chenye kifuniko, uliweke penye mwanga usio wa jua kali. Baada ya wiki tatu hadi sita utaona vimche vidogo vikichomoza juu ya jani. Dionea inazaa kwa kugawanya tunguu wakati wa kubadili udongo. Kwa mbegu utasubiri miaka mitatu hadi mitano kupata mmea mkubwa. Nepenthesi ikirefuka, kata kipande cha shina chenye vifundo viwili, nusu ya majani uyapunguze, uchomeke kwenye sfagnamu yenye unyevu.

Mbegu za drosera ni kama vumbi. Zinyunyize juu ya udongo, usizifunike, zinahitaji mwanga kuota. Drosera capensis haitakusubiri ufanye hivyo: inajichavusha yenyewe na kumwaga mbegu zake kila upande, na miezi michache baadaye utakuta vimche vyekundu vimejipanga kwenye chungu cha dionea. Ving'oe vikiwa na ukubwa wa kichwa cha kiberiti, kwa sababu vikikua vitaitia kivuli, na kuving'oa wakati huo utaondoka na mizizi ya dionea pia.